Dhiki si Ushahidi

Methali ya "baada ya dhiki faraja" imegeuzwa muhuri wa ofisi. Hugongwa mwishoni mwa kila wasifu wa mtu aliyeutafuta ukweli wa dini, na ukishagongwa faili hufungwa. Mwanazuoni alipofuka utotoni: faraja yake ni elimu. Mshairi alifia mbali na nchi aliyoililia: faraja yake ni mashairi. Binti wa kifalme alikatana na nduguze kwa sababu ya dini: faraja yake ni kitabu. Ukoo mzima ulikimbia kisiwa: faraja yake ni kijana mmoja wa ukoo huo aliyepata cheo. Deni na malipo vinakaa sawasawa, na msomaji anafunga ukurasa akiwa ametulia.

Utulivu huo haukupatikana kwa njia ya halali. Anayeandika hivyo anaujua mwisho wa hadithi kabla ya kuianza, kisha anarudi nyuma na kuyapanga maumivu ya mtu kama vipandio vya ngazi inayokwenda kwenye mwisho huo. Mbaya zaidi, anamfundisha msomaji kanuni isiyo na msingi: kwamba aliyeumia sana ndiye aliyekaribia sana, na kwamba maumivu yenyewe ni dalili ya njia iliyonyooka. Kanuni hii imeenea katika uandishi wa Kiswahili, tangu masimulizi ya masheikh wa pwani mpaka nasaha fupi za simu zinazozunguka kila Ijumaa baina ya Maskati, Dubai, London na Toronto. Inafaa ipingwe, na mahali pa kuipingia ni Nizwa, kwa sababu mji huo uliwahi kulijadili jambo lenyewe, na kwa ukali, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita.

Kwanza methali. Wanaoitumia kama hoja ya dini huinasibisha na Sura ya 94 ya Kurani, al-Inshirah. Lakini neno la Kiarabu lililotumika hapo, tena mara mbili, ni "maa", yaani "pamoja na". Si "baada ya". Tofauti si ndogo. "Baada ya" inahesabu muda: subiri, zamu yako itafika, na ikifika utasahau. "Pamoja na" haisemi kwamba uzito utaondoka ili wepesi upate nafasi. Inasema viwili hivyo huweza kukaa nyumba moja. Mtu anaweza kukipata alichokitafuta na jeraha likabaki wazi. Neno "baada ya" nalo limo katika Kurani, katika aya ya 7 ya Sura ya 65, ila aya hiyo inazungumzia matumizi ya mke aliyeachwa: mume mwenye riziki finyu atoe kadiri ya alichojaaliwa. Ni ahadi juu ya riziki, iliyotolewa mahali ambapo kuna mama anayenyonyesha na baba asiye na kitu mfukoni. Waliochukua ahadi hiyo wakaifanya sheria ya safari za kiroho walipaswa angalau kuomba ruhusa.

Mgeni afikaye Nizwa leo huonyeshwa ngome yenye mnara wa duara aliojenga Imamu Sultan bin Saif al-Yaarubi katika karne ya 17, mnada wa mbuzi wa Ijumaa asubuhi, na Falaj Daris inayopeleka maji mitendeni. Ngome ni nzuri, na makelele ya mnada yanastahili safari. Lakini kitu kikubwa kuliko vyote kilichotengenezwa Nizwa hakina mlango wala kiingilio, nacho ni hoja.

Mwaka 886, sawa na 272 Hijria, Imamu al-Salt bin Malik, mzee aliyekuwa madarakani tangu 851, aliondoka katika Uimamu. Je, alijiuzulu kwa hiari au alisukumwa? Musa bin Musa, mwanazuoni mwenye nguvu wa wakati huo, alimsimamisha Rashid bin al-Nadhar mahali pake, na Oman ikapasuka. Makabila yalipigana, maimamu wakawekwa na kuondolewa, na mwaka 893 jeshi la Bani Abbasi likaingia chini ya Muhammad bin Nur. Tarikh za Oman zinamkumbuka mtu huyo kwa mikono na masikio yaliyokatwa, macho yaliyong'olewa na mifereji ya maji iliyoharibiwa. Katika vita hivyo hapakuwa na upande ambao haukuumia, na kila upande uliumia ukiwa na yakini kwamba unaitetea haki ya Mwenyezi Mungu.

Waliopigana walikufa, maswali yakabaki. Itikadi ya Kiibadhi inamtaka muumini ajue ni nani wa kufungamana naye kwa ajili ya Mungu na ni nani wa kujitenga naye. Fungamano huitwa walaya, na kujitenga huitwa baraa. Kwa hiyo wanazuoni wa karne zilizofuata hawakuweza kuyaacha mambo ya 272 yalale. Chama kilichopewa jina la Rustaq kilishikilia kwamba Musa na Rashid walikuwa wadhalimu, na kwamba imani inadai kujitenga nao. Chama kilichopewa jina la Nizwa, ambacho mtetezi wake mkubwa akawa Abu Said al-Kudami, mwandishi wa al-Istiqama katika karne ya 10, kilishika njia nyingine: wuquf, yaani kusimama. Asiyeyashuhudia mambo, na asiyefikiwa na habari yenye kukata shauri, hana ruhusa ya kuamua undani wa watu waliokwisha kwenda kwa Mola wao.

Kusimama huku kusidhaniwe ni kukaa kimya. Wanazuoni waliugawa wuquf katika aina zake, na miongoni mwa aina zilizokubaliwa ni wuquf wa kuuliza: mtu anasimama huku akitafuta habari, hajachoka wala hajakata tamaa. Wuquf wa shaka tupu, unaojifichia uvivu, haukukubaliwa. Chama cha Nizwa hakikusema kwamba haki haipo wala kwamba pande zote zilikuwa sawa. Kilikataa jambo moja tu, kuisoma hukumu ya Mungu katika vidonda vya watu.

Laiti waandishi wa wasifu wa Kiswahili wangelisoma shauri hilo kabla ya kushika kalamu.

Chukua mfano mashuhuri kuliko yote ya bara la Oman. Nuruddin Abdullah bin Humaid al-Salimi alizaliwa takriban mwaka 1869 katika kijiji cha al-Hawqayn, upande wa Rustaq, na akapoteza macho akiwa na miaka kama 12. Alisoma Rustaq kwa Sheikh Rashid bin Saif al-Lamki, kisha akahamia Sharqiyah kwa Sheikh Salih bin Ali al-Harithi. Kabla ya kufikisha miaka 50 alikuwa ameacha Tuhfat al-Ayan, historia ya maimamu wa Oman. Jawhar al-Nidham, fiqhi iliyotungwa kwa nudhumu. Talqin al-Sibyan, kijitabu cha kuwafundishia watoto. Na vingine vingi. Mwaka 1913 yeye ndiye aliyekuwa nguzo ya kuurudisha Uimamu, pale Salim bin Rashid al-Kharusi alipopewa baia katika mji wa Tanuf, na muda mfupi baadaye Nizwa ikawa mikononi mwao.

Wasifu wa kawaida husema Mola alichukua macho akatoa nuru ya moyo, na lakabu yenyewe, Nuruddin, huonyeshwa kama risiti ya malipo hayo. Sentensi hiyo inapendeza masikioni lakini inaficha kazi yote. Kipofu wa zama zile hasomi kitabu, husomewa. Kila ukurasa alioujua ulipita kwanza katika koo la mtu mwingine, na kila ukurasa alioutunga ulipita katika mkono wa mtu mwingine. Dhiki yake ya kila siku ilikuwa kumtegemea msomaji asiruke mstari, kumngoja amalize kula, kuhakiki nukuu kwa sikio, kushuku na kuomba isomwe tena, na tena. Mtu wa tabia yake, mkali wa hoja na mwepesi wa kukasirikia kosa, aliishi hivyo kwa zaidi ya miaka 30. Hakuna nuru ya moyo inayomwondolea mtu adha hiyo. Tena, trakoma na maradhi mengine ya macho yaliwapofusha watoto wengi wa Oman wa wakati huo. Kama upofu ndio uliotoa elimu, hao wote wangekuwa wanazuoni. Hawakuwa, kwa sababu hawakupata msomaji, wala karatasi, wala sheikh wa kuwapokea. Kuuita upofu wa al-Salimi neema ni kuwatukana hao mara mbili.

Mwenzake wa ng'ambo, Nasir bin Salim al-Bahlani, maarufu kwa jina la Abu Muslim, hana jeraha la kuonekana, na labda ndiyo sababu wasifu wake huandikwa kwa haraka zaidi. Alizaliwa bara la Oman, akaishi sehemu kubwa ya maisha yake Unguja, akawa kadhi, na mwaka 1911 akaasisi gazeti la al-Najah. Uimamu uliorudi mwaka 1913 aliuimba kwa mashairi ambayo Waomani wanayahifadhi mpaka leo, lakini hakuuona. Alifia Unguja mwaka 1920, mwaka uleule ambao Mkataba wa Sib uliwekwa baina ya watu wa Uimamu na serikali ya Sultani wa Maskati. Na kuna jambo lisilopendwa kutajwa: kadhi huyu alikula mshahara wa dola ya Al Busaid ya Unguja huku moyo wake ukiwa kwa watu waliowapinga Al Busaid wa Maskati. Hiyo nayo ni dhiki ya mtafuta haki, ila haina damu wala pingu, na haimpambi mtu. Ni dhiki ya kuamka asubuhi, kuvaa joho, kwenda barazani kuhukumu kesi za mirathi, na kurudi nyumbani kuandika juu ya nchi nyingine. Pengine aliibeba bila taabu. Pengine ilimla usiku. Mashairi hayatoi jibu, na msomaji hana haki ya kuyalazimisha yalitoe.

Bahari iliyomchukua Abu Muslim ndiyo iliyouchukua mjadala wa Nizwa mpaka Unguja, na huko ndiko kanuni ya dhiki kuwa ushahidi inapovunjika kabisa, ndani ya nyumba moja.

Mwaka 1859 kijana Barghash bin Said alijaribu kumpindua kaka yake Majid. Alishindwa kwa msaada ambao Waingereza walimpa Majid, akapelekwa uhamishoni Bombay. Katika njama hiyo dada yake Salme, msichana wa miaka 15, alikuwa mwandishi wa barua, kwa kuwa alikuwa amejifundisha kuandika kwa siri, jambo ambalo halikutarajiwa kwa binti wa nyumba ile. Barghash alirudi, na mwaka 1870 akawa Sultani. Huyu hakuwa mtu wa dunia tu. Alikuwa karibu na wanazuoni wa Kiibadhi, na alileta mtambo wa kupigia chapa uliotoa vitabu vikubwa vya madhehebu, Qamus al-Sharia kikiwa kimojawapo. Kwa mizani ya wanaopenda mizani, alikuwa na kila kitu: kushindwa, kuhamishwa, ugeni, kurudi, na hamu ya kweli ya kuitumikia dini yake.

Mtu huyohuyo ndiye aliyemfunga Sheikh Ali bin Abdalla Mazrui wa Mombasa, mwanazuoni wa Kishafi, kwa sababu aliitetea hadharani itikadi ya Kisuni mbele ya Waibadhi. Sheikh Ali hakutoka mpaka Barghash alipofariki Machi 1888 na Sayyid Khalifa akashika nafasi yake. Uhamisho wa Bombay haukuwa umemfundisha Sultani chochote juu ya mlango unaofungwa kwa nje. Sheikh Abdalla Saleh Farsy, katika Baadhi ya Wanavyuoni wa Kishafi wa Mashariki ya Afrika, kitabu cha 1972 ambacho hakuna anayeweza kukikwepa katika fani hii, anawapa masheikh wa aina hii heshima wanayostahili. Lakini msomaji wa Kiibadhi anaweza kuisoma habari hiyohiyo asione ndani yake dalili yoyote kwamba Sheikh Ali alikuwa na haki katika mambo waliyobishania. Naye atakuwa sahihi. Kifungo kinathibitisha udhalimu wa aliyefunga. Juu ya kuonekana kwa Mungu Akhera, ambako ni miongoni mwa mambo wanayohitilafiana Waibadhi na Wasuni, kifungo hakisemi neno.

Na Salme? Mwaka 1866 aliondoka Unguja akiwa na mimba ya mfanyabiashara Mjerumani. Mwaka 1867, Aden, alibatizwa na kuolewa siku moja, na jina lake likawa Emily Ruete. Mwaka 1870 mumewe aligongwa na tramu Hamburg, akafa na kumwachia watoto watatu wadogo. Mwaka 1885 alirudi Unguja pamoja na manowari za Kijerumani, na Barghash hakutaka kumwona. Sababu zake zilikuwa nyingi: mirathi, siasa, Wajerumani waliomleta, kinyongo cha ujanani, na dini. Kumbukumbu zake zilitoka mwaka 1886. Barua zake zilizochapishwa miaka mingi baada ya kifo chake zinaonyesha jambo ambalo kumbukumbu hazikulionyesha wazi, nalo ni moyo uliotolewa katika ibada moja kabla haujapata makao katika nyingine.

Wanaomwandika kwa Kiswahili wamegawanyika. Wengine humwita mwasi aliyepata adhabu yake, na dhiki yake kwao ni hukumu. Wengine humwita mwanamke huru aliyelipia uhuru, na dhiki yake kwao ni nishani. Kisha wote wawili humalizia na kifuko cha mchanga wa Unguja ambacho husimuliwa alizikwa nacho, wasomaji wakafuta machozi, mambo yakaisha. Hakuna anayesimama. Hakuna anayekubali kwamba mwanamke huyu huenda alitafuta kitu kwa moyo wote, akakosea njia, au akaipata akakosa watu wa kwenda nao, au hakuwa akitafuta ila mahali pa kujifungulia mtoto kwa usalama. Ushahidi uliopo unabeba yote matatu.

Hesabu yoyote ya dhiki za kiroho, ikiwa inataka kuitwa hesabu, ingeuliza pia ni nani aliyeruhusiwa kuwa mtafutaji. Nafasi ya kusoma na kubishana, Unguja, ilitokana na mashamba ya karafuu yaliyolimwa na watumwa mpaka 1897 na baadaye. Oman utumwa uliondolewa kisheria mwaka 1970 tu. Mwishoni mwa karne ya 19, Sheikh Uways wa Barawa na wenzake walipoieneza Qadiriyya pwani, watu wengi wa tabaka hilo waliingia katika duara za dhikri, na baadhi ya mabwana wenye elimu walinung'unikia makelele. Mtu aliyelima mchana kutwa akasimama kwenye dhikri usiku alikuwa akitafuta nini? Mbona dhiki yake huitwa "hali" na ya bwana wake huitwa "safari"?

Mwaka 1964 uliiongezea kanuni hii nguvu mpya. Sheikh Ahmed bin Hamad al-Khalili, aliyezaliwa Unguja mwaka 1942, aliondoka kisiwani baada ya Mapinduzi ya Januari, akakaa Bahla, jirani na Nizwa, na mwaka 1975 akawa Mufti Mkuu wa Oman. Ni maisha ya kuheshimiwa. Lakini husikika, katika mabaraza ya Waswahili wa Oman, maneno ya kwamba hii ndiyo hekima ya Mapinduzi: bila yale yaliyotokea, sheikh asingefika. Anayesema hivyo ana nia njema, na hajui anachokisema. Amewachukua waliouawa, waliozikwa bila sanda na waliotawanyika, akawaweka upande mmoja wa mizani, akaweka cheo cha mtu mmoja upande wa pili, kisha akatangaza kwamba mizani imelingana. Sheikh mwenyewe hakuomba alipiwe namna hiyo.

Na waliofika baada yake, wale walioitikia mwito wa Sultan Qaboos baada ya Julai 1970? Wengi walirudi katika vijiji vya mababu, Nizwa, Samail, Ibra, al-Mudhayrib, na lugha ya nyumbani ilikuwa Kiswahili. Walikuwa wamejifunza kumuogopa na kumpenda Mungu kwa Kiswahili. Toba, rehema, dua na sala vilikuwa vinywani mwao tangu chuoni. Maneno hayo yote yana asili ya Kiarabu, yamevuka bahari na kukaa pwani karne nyingi, na sasa yalikuwa yakirudishwa kwa wenyewe yakiwa na lafudhi. Yaliposikika msikitini, yalisikika kama makosa. Mzee aliyefasiri Talqin al-Sibyan moyoni kwa Kiswahili alijikuta akiketi nyuma ya watoto wa shule. Kwa wengine jambo hilo liliwafungulia bidii, wakajifunza Kiarabu, wakafurahi. Kwa wengine lilikuwa ukimya uliowakuta wakiwa na miaka 50 na haukuondoka. Walisali mpaka kufa katika lugha waliyoielewa nusu, na walichokuwa nacho kwa ukamilifu hakikuhesabiwa kuwa dini. Hakuna faraja iliyokuja baada ya hapo. Pamoja na hapo, labda. Hawakuulizwa.

Watatokea wa kusema kwamba haya yote ni ukatili. Mtu aliye gizani anahitaji taa, si mkaguzi wa mahesabu, na ukimnyima ahadi ya mwisho mwema utamvunja. Hoja hii ina uzito, na wanaoitoa mara nyingi wameketi karibu na wagonjwa kuliko waandishi wa makala. Jibu ni kwamba taa hiyo haimulikii wote. Kijana anayekaa kwa mwalimu anayemdhalilisha huambiwa dhahabu haipatikani bila moto, na kadiri anavyoungua ndivyo anavyoamini kwamba yuko mahali pake. Mke anayepigwa huambiwa subira yake ndiyo uchamungu wake. Mwanafunzi aliye Ulaya, halali, hali, hasali, amejifungia chumbani na hajui kama ana imani, huambiwa kwamba roho yake inazinduka, na miezi inapita kabla hajafikishwa kwa daktari. Watu hawa hawakupotoshwa na wanafalsafa. Walipotoshwa na masimulizi mazuri ambamo kila aliyeteseka alifika. Kumwambia mmoja wao kwamba maumivu yake hayathibitishi kitu, si kwamba amekaribia wala kwamba amelaaniwa, ndiko kumfungulia mlango wa kuondoka.

Hoteli za Jabal Akhdar, kwa upande wao, zinauza utulivu wa roho kwa usiku mmoja, ukingoni mwa genge, kifungua kinywa kikiwa ndani ya bei. Wapenda wasifu huzicheka. Wasizicheke sana: hoteli inauza kuzinduka bila dhiki na wao wanauza dhiki yenye kuzinduka kwa hakika, na wote wawili wana bei iliyoandikwa.

Kinachodaiwa hapa ni kidogo. Mwandishi wa maisha ya mtafuta haki aandike alichokijua, aache wazi asichokijua, na asilipe madeni ya watu kwa fedha isiyo yake. Nizwa iliwaruhusu wanazuoni wake wafanye hivyo katika jambo lililogawanya dola. Haishindikani kufanya hivyo katika kurasa kumi juu ya sheikh wa mtaa.

Al-Salimi alifariki mwaka 1914. Alikuwa safarini kwenda al-Hamra kuonana na Sheikh Majid bin Khamis al-Abri, mwanazuoni mkongwe wa huko, kwa sababu ya suala la wakfu ambalo hawakuafikiana. Njiani tawi la mwembe lilimpiga akaanguka kutoka kwenye mnyama aliyempanda, na hakupona. Alizikwa Tanuf, mji ambao katika miaka ya 1950 ndege za Waingereza ziliubomoa, na ambao jina lake leo wengi hulijua kwa maji ya chupa. Wasifu hupenda kusema kwamba alikufa katika njia ya elimu. Alikufa akiwa njiani kwenda kubishana, na ubishi wenyewe haukufanyika. Mtu asiyeona haliepuki tawi asiloambiwa kwamba lipo. Nani alikuwa ameshika hatamu siku ile, aliona nini sekunde moja kabla, na jioni, maiti ilipokuwa ikioshwa Tanuf, alikuwa amekaa wapi?